Hudihudi wa Nyuma ya Banda

Jumamosi, 4 Oktoba
Majani yanapukutika, ndege wanapita kwenda kusini. Miaka kumi na moja niko katika chama cha watazama ndege wa bustani hii, na jina langu halijawahi kupanda kwenye ubao wa walioona ndege adimu. Shemeji, mume wa dada yangu, daktari wa meno, kajiunga mwaka jana tu. Kaandikwa mara tatu! Leo akaniuliza, kwa upole wake ule, kama darubini yangu ina ukungu. Nilicheka. Roho inaniuma mpaka sasa.

Jumapili, 5 Oktoba
Mfagiaji wa bustani kaniambia kaona ndege mwenye kishungi nyuma ya banda la zana. Hudihudi! Hapa hajawahi kuonwa. Nimemsihi asimwambie mtu. Sheria ya chama: huandikwi mpaka mwanachama wa pili amwone ndege huyo pamoja nawe. Nitamleta katibu, basi. Shemeji lazima awe mbali.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimempigia shemeji. Hudihudi yuko ng'ambo ya bwawa, nikamwambia, kwenye matete, aende alfajiri. Kanishukuru karibu alie. Mjinga!

Jumanne, 7 Oktoba
Shemeji hajui kula peke yake. Kawaambia wote! Chama kizima kikaenda matopeni, katibu mbele, simu zimezimwa wasiwashtue ndege. Na hudihudi akaja kwangu. Hatua tano! Akafunua kishungi, akachokoa nyasi, dakika ishirini nzima. Picha zangu chama hakizikubali, tangu niwapelekee ile niliyoikata kwenye kalenda. Nikakaa juu ya ndoo nikalia.

Jumatano, 8 Oktoba
Katibu kasema sheria ni sheria. Wengine wakakohoa. Aliyeniamini ni shemeji peke yake. Kesho anafunga kliniki aje kukaa nami bandani, aniwekee sahihi ya shahidi. Dada kapiga simu kunibembeleza nikubali, maana ndege hao hawakai. Nikakubali.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sahihi yake kando ya jina langu? Watu waseme bila yeye mimi si kitu? Thubutu! Nimempigia mapema: hudihudi kahamia langoni, awahi. Kashukuru tena, kasema atawapitia na wenzake.
Niko juu ya ndoo, darubini mkononi. Bustani nzima kimya, hakuna hata mtu. Safi kabisa. Kuna kitu kinachokoa nyasi.
Ndiye! Leo haniponyoki.