Motokari Inayostahili Bibi Arusi

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimetukanwa. Yaani, imetukanwa motokari yangu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Dada yangu mkubwa, Asma, alikuja dukani asubuhi. Akachukua sabuni, akauliza habari za watoto, halafu akasema, kama mtu anayesema mvua itanyesha, kwamba Jumamosi binti yake Feza atapelekwa kwa mume wake huko Kabambare ndani ya motokari ya Raphaël. Raphaël! Yule mfanyabiashara aliyerudi kutoka Salamabila na motokari nyeupe, vioo vinapanda vyenyewe, baridi inatoka kwenye matundu. Nikamkumbusha dada kwamba mimi ndiye mjomba. Ndimi nitakayemkabidhi Feza mikononi mwa wakwe. Tena nina jeep. Akajibu kwamba jeep yangu anaijua.

Basi. Akalipa sabuni, akaenda zake. Anaijua!

Watu hawajui motokari kubwa ni nini. Raphaël anasema ni ile inayokufikisha shati likiwa bado safi. Alisema hivyo kwenye garaji ya fundi Glody, mbele ya watu, na watu wakakubali. Shati! Basi hata kabati ni motokari.

Mimi nasema motokari kubwa husikika kabla ya kuonekana. Ukifungua kapo unaona injini, huoni mfuniko wa plastiki. Ikiharibika inakuambia inaumwa wapi. Na lazima iwe imeteseka. Ambayo haijateseka ni kama mchumba: inacheka tu, bado huijui. Jeep yangu ilibeba pamba, ikabeba wagonjwa, wakati wa vita ikafichwa msituni chini ya majani. Ilipotolewa, iliwaka. Si siku ileile. Lakini iliwaka!

Jumamosi Feza atapanda jeep. Nimekwisha kata shauri.

Jumanne, 5 Novemba

Kosa la jeep ni moja tu, rangi. Imechoka. Rangi mpya hakuna Kasongo. Nikawaza. Nikaipaka mawese.

Nani angeamini! Iling'aa kama uso wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikaipeleka taratibu mbele ya nyumba ya dada ili aione. Njia ilikuwa kavu. Lori moja likapita.

Nilipofika kwa dada, jeep ilikuwa na manyoya. Vumbi lote la Kasongo lilikuwa juu yake, na majani, na kitu nilichodhani ni karatasi ya biskuti. Kuku wa dada wakaja kuangalia, wakaanza kuidonoa. Dada alitoka, akatazama, akarudi ndani.

Jioni Mounira, mke wangu, aliuliza maharage atayapika na mafuta gani. Nikasema huu ni wakati wa kujitolea. Akasema nijitolee basi kula maharage ya chumvi. Nimeyala.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeelewa kosa langu. Motokari kubwa haitazamwi, inasikilizwa. Nikamwomba dada apande, tuzunguke mji kidogo. Alikataa. Nikamwambia marehemu baba yetu aliipenda sana jeep hii. Akapanda.

Injini iliimba! Hata dada alitulia. Nikaona nimshtue kidogo, nikabonyeza klaksoni. Klaksoni ikalia. Nikaiachia. Ikaendelea kulia.

Nilipiga usukani kwa ngumi. Ilizidi. Na mbele yetu, pale njia inapokata kwenda Nyangwe, walikuwa wamekaa watu wengi kwenye mikeka. Msiba. Mzee Abdallah, mwenye kuuza nguo, alikuwa amefiwa na mama yake. Kurudi nyuma siwezi, gia ya nyuma inataka kubembelezwa. Tukapita katikati ya kilio, tunalia kuliko wafiwa.

Dada alishuka jeep ikiwa bado inatembea. Akabaki msibani kuomba radhi, kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilikata waya wa klaksoni kwa meno.

Lakini walitusikia. Hilo hakuna wa kulikana.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeacha kuisifu jeep. Adui anapigwa kwake.

Asubuhi nilinunua mikate kwa Mama Dieudonnée, ambaye habari ikiingia sikioni mwake, kufika mchana soko zima linayo. Nikamwambia kwa siri kwamba ile baridi ya motokari ya Raphaël si nzuri kwa bibi arusi. Inakausha ngozi. Inaleta kikohozi. Nikamsihi asimwambie mtu.

Saa tisa habari ilinirudia dukani, ila ilikuwa imebadilika njiani. Mashangazi wa Feza walikuwa wamesikia kwamba ndani ya motokari ya Raphaël kuna baridi kama ya asubuhi, kwamba mtu hatoki jasho, poda inabaki usoni mpaka Kabambare. Wote sasa wanataka kupanda humo. Wawili wamekwisha gombana kwa ajili ya nafasi ya dirishani. Raphaël amepitishwa sokoni kama bwana arusi.

Mama Dieudonnée alinishukuru kwa habari nzuri.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri.

Baada ya sala, dada alinitumia ujumbe. Jeep imekubaliwa! Nitabeba mbuzi wa kuwapelekea wakwe. Mbuzi na masufuria.

Nilikaa kitandani nikiwaza kukataa. Mounira akasema mbuzi hao watafurahi, hawajali poda. Nikakubali, lakini nina akili zangu. Nitatangulia. Watu wa Kabambare wataiona jeep kwanza. Ya pili ni ya pili, hata ikiwa nyeupe.

Glody atanisindikiza na vyombo vyake. Alisema haji kwa sababu ya jeep, anakuja kwa sababu ya pilau.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika Kabambare, barazani kwa wakwe. Suruali yangu imekauka, inasimama yenyewe.

Sikutangulia. Jeep iliwaka kwa kuchelewa na Raphaël akatupita akipunga mkono. Lakini karibu na kijiji cha Wamaza, kwenye kilima, tulimkuta. Motokari yake ilikuwa imeteleza ndani ya mfereji wa pembeni, tumbo limekalia matope, magurudumu yanazunguka bure. Ndani kioo kidogo kiliwaka taa na kuandika maneno. Hakuna aliyejua yanasema nini. Dada na mashangazi walisimama mvuani, poda inashuka.

Jeep yangu ikapanda kile kilima! Ikanguruma, ikatupa matope, mbuzi wakalia, ikafika. Sijawahi kupenda kitu hivyo, Mungu anisamehe.

Feza alikuja mbio, ameshika gauni juu ya magoti. Wakwe walikuwa wametaka tufike kabla ya alasiri, wazee wao wakubwa walikuwa wamekwisha kaa. Akasema:

"Muyomba, tuende sasa. Mbuzi bashuke, miye nitapanda."

Maneno niliyoyangoja wiki nzima. Na mimi nikafanya nini? Nikamwambia asubiri kidogo. Nilitaka kwanza kumvuta Raphaël, na nilitaka aseme, mbele ya wote, motokari gani ni kubwa.

Raphaël alikuwa na matope mpaka kifuani. Akasema bila kinyongo: "Motokari yako iko kubwa, Papa Djafari. Vuta tu."

Tukafunga kamba. Glody akanong'ona kwamba chuma cha nyuma kimechoka, tusifanye. Nikavuta. Ile nyeupe ikatoka kama jino! Watu wakapiga vigelegele. Na chini ya jeep kikasikika kishindo, halafu injini ikaimba na magurudumu hayakwenda popote. Chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma kilikuwa kimekatika.

Raphaël akawasha, mashangazi wakajisukuma ndani. Mimi nikalala chini ya jeep. Nilisema watangulie, naitengeneza, nitafika. Glody alisema sitafika. Nikamwambia anipe waya.

Nikaona miguu ya Feza, viatu vyeupe ndani ya matope. Akachuchumaa.

"Muyomba, bakwe banangoja weye. Habangoje motokari."

Nikasema nahitaji kidogo tu. Hakuondoka. Akasema baba yake hayupo, na kama mimi nitabaki hapa ataingia kwa watu kama mtu asiye na kwao. Alisema polepole, hakulia. Marehemu baba yake ndiye aliyenifundisha kuendesha.

Nilitoka. Nikamwachia Glody jeep na mbuzi.

Raphaël alinipa kiti cha mbele, na matope yangu yote. Baridi ikanipiga usoni. Nitaandika hapa tu, sitasema popote: ni nzuri. Nililala usingizi.

Tulifika wazee wakiwa wameanza kutazamana. Nikamshika Feza mkono, nikamkabidhi. Maneno ya kumkabidhi niliyaanza mara mbili. Dada Asma alinisogezea kitambaa chake bila kunitazama.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimerudi Wamaza. Chuma kingine hakuna hapa, kitaletwa kutoka mbali, labda. Glody amekula mbuzi mmoja na watu wa kijiji, anasema mbuzi huyo alikuwa mgonjwa.

Nimepata muda wa kufikiri. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Jeep ni ndogo! Motokari kubwa kweli lazima iwe kubwa.

Na leo asubuhi, nyuma ya ghala la zamani la pamba, nimeonyeshwa lori. Ndani yake umeota mti, na mti wenyewe ni mzuri. Nimelipiga shavu kwa mkono, likatoa sauti nzito, ya heshima. Mwenye lori yuko tayari tubadilishane na mbuzi waliobaki. Ni mbuzi wa wakwe, lakini wakiliona lori wataelewa. Mounira nitamwambia likishafika.

Halikosi kitu. Linakosa injini tu.