Karatasi ya Kusema Sikuzaliwa

Jumatatu, 3 Oktoba

Aglaia amekubali kuolewa! Tena kabla ya mfungo wa Krismasi, maana ukishaingia, padri hafungishi ndoa hadi Januari. Ila ana sharti. Mumewe marehemu alimzidi miaka kumi na tano, na miaka sita ya mwisho ilikuwa ya kumgeuza kitandani. Hataki kuuguza mzee mwingine. Yeye ana hamsini na sita, anataka mwanamume aliye chini ya hapo. Nikamwambia nina hamsini na nne. Nina sitini na moja, lakini umri wa mtu uko magotini, na magoti yangu ni mazima. La kulia, angalau.

Ana shamba la plamu. Ana chungu cha shaba cha kupikia gongo. Na nampenda. Niandike tu, daftari hili halisomwi na mtu.

Haralamb naye alikuwepo, bila kualikwa. Ndiye mwimbishaji wa kanisani, sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Ana hamsini na tano ya kweli na huitangaza kama medali. Nilikaa mjini nikifanya kazi ya reli miaka thelathini, kijiji kizima kimenisahau, isipokuwa huyu. Akasema mbele ya watu kwamba yeye alipokuwa anafundishwa kusoma, mimi nilikuwa nanyoa ndevu. Aglaia akaniangalia ndevu. Akasema nilete cheti cha kuzaliwa, ubishi uishe. Kitambulisho nilishasema kilitumbukia kisimani.

Jumanne, 4 Oktoba

Mungu si Athumani! Ofisi ya kijiji haina daftari la mwaka wangu. Mafuriko yalilila. Karani akanieleza, huku akitafuna mbegu za alizeti, kwamba nakala ya pili iko kaunti. Kaunti nayo ikikosa, mtu hupewa karatasi ya kusema hayumo. Anakwenda nayo mahakamani na mashahidi wawili wazee, wanaapa, anaandikwa upya. Mwaka upi? Watakaoutaja mashahidi! Ninao wazee wawili ambao, chupa ikiwepo, wataapa kuwa mimi ni askofu.

Kwa hiyo nakwenda kaunti kutafuta kutopatikana. Kazi rahisi. Jirani yangu alizungushwa pale miezi saba akitafuta cheti cha mtoto aliyekuwa amembeba mkononi.

Jumatano, 5 Oktoba

Nilikwenda bila pakiti ya kahawa, makusudi. Kila mtu anajua bila kahawa hakuna daftari linalofunguliwa. Mambo yalianza vizuri sana. Dirisha la pili likanituma la tano, la tano likanirudisha la pili. Wakataka jalada la kadibodi lenye ukanda wa bati, linalouzwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda kilichofungwa. Nilikuwa nawadharau wote na kuwabariki.

Ndipo akaja Bi Veturia. Karani mpya, anatabasamu. Akaniambia karibu mzee. Mzee! Jalada akanipa lake. Akatafuta jina langu, Ursu, hakuna Ursu. Nusura nibusu kioo. Nikaomba karatasi yangu hapo hapo. Akainua muhuri, halafu akasita. Akauliza kama nilizaliwa mgonjwa.

Nikamjibu kwamba Ursu ni dubu, na baba aliniita hivyo kwa nguvu nilizozaliwa nazo. Akacheka. Akasema kwao mtoto mwenye nguvu haitwi dubu. Anaitwa hivyo yule anayekata roho, ili kifo kimwogope. Akashuka tena ghalani kutafuta jina nililopewa kwanza. Nikamsihi asijisumbue. Akasema si usumbufu. Sijawahi kusikia mtumishi wa serikali akitamka neno hilo.

Alirudi na daftari. Nilizaliwa 1961, jina Visarion. Pembeni, kwa mkono wa karani wa zamani: mtoto dhaifu, hanyonyi, mama yake amemuuza kupitia dirishani kwa Profira mke wa Toader, na tangu siku hiyo anaitwa Ursu. Muhuri, pa! Dakika ishirini na mbili. Ofisi iliyolala tangu enzi za baba yangu imeamka siku yangu mimi.

Kununua mtoto dirishani ni dawa ya zamani ya kukihadaa kifo, kila bibi anaijua. Aliyemnunua ndiye mama, na watoto wake ndio ndugu zake.

Profira ni mama yake Aglaia.

Alhamisi, 6 Oktoba

Cheti nimekificha ndani ya buti. Nimemwambia Aglaia kaunti hawakuniona kabisa kwenye madaftari. Akanihurumia, akanipa maandazi ya jibini. Werevu ni kipaji.

Jumatatu, 10 Oktoba

Bi Veturia, kwa bidii yake iliyolaaniwa, ametuma nakala kijijini ili wajaze pengo la daftari. Nani alimwomba? Karani aliisoma kwa sauti, pembeni na pote, na Haralamb amesimama hapo. Saa sita nilikutana naye njiani. Akavua kofia, akainama hadi chini. "Shikamoo, babu!"

Jioni Aglaia alikuja na sufuria ya kabichi iliyoviringishiwa nyama. Nilidhani itatua kichwani mwangu. Umri hakuutaja hata. Alikuwa analia. Mama yake, kila sikukuu ya wafu, aliwasha mshumaa mmoja wa ziada kwa kijana aliyemnunua, na hakusema ni wa nani, kwani ukimtaja kifo kinasikia. Aglaia hakuzaliwa na ndugu. Alimtafuta huyo mmoja maisha yake yote.

"Kaka yangu wewe," akasema, akanikumbatia.

Miezi kumi na mmoja nimesubiri kukumbatiwa na mwanamke huyu. Si hivi. Nililia, na kitunguu hakikuwepo cha kusingizia.

Nikajaribu kusema udugu wa dirishani si wa damu. Akapiga ishara ya msalaba, akaniambia nikome, nisirudie. Tukaenda kwa padri. Padri akasema kaka ni kaka.

Jumapili, 6 Novemba

Ameolewa. Na Haralamb. Desturi inataka kaka wa bibi harusi asimame mlangoni na kumkabidhi, nami nikasimama, nikamkabidhi. Alikuwa mzuri. Roho iliniuma, si utani. Aliponishika tucheze, alininong'oneza kwamba leo ndiyo mara ya kwanza ana mtu wa upande wake. Haralamb aliimba. Mbuzi hakanyagwi mara moja tu.

Jumatatu, 7 Novemba

Nimeamka na wazo. Mbona sikuliona mapema! Shamba lile si la Aglaia. Ni la Profira, na Profira aliwaachia watoto wake. Watoto! Tuko wawili. Nusu ya plamu yangu, na chungu tutazungumza. Haralamb atapaliwa.

Basi la kwanza, mpaka kaunti, safari hii na pakiti mbili za kahawa. Bi Veturia alifurahi kuniona. Nikamwambia nataka nakala tatu zenye muhuri, pembeni pasomeke vizuri. Akanipa fomu. Jina: Ursu. Mama: nikaandika wote wawili, kwa usalama. Umri: nikafikiri kidogo, naye ananitazama, daftari liko wazi mbele yake.

Nikaandika hamsini na nne.