Matao Matatu ya Baba

Jumatatu, 4 Agosti
Kanisa la zamani litabomolewa. Nyufa zimezidi. Mchungaji anataka sanamu ya zege mbele ya kanisa jipya, yenye sura ya yale matao matatu ya mlangoni. Baba yangu ndiye aliyeyajenga. Basi kazi ni yangu. Lakini binamu yangu Pesamino naye ameomba. Yeye ni fundi. Mimi ni mtoto wa fundi. Naona nimemzidi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeyapima matao kwa kamba. Mke wangu Sieni ameuliza kwa nini tusifanye wawili. Mchana nikamwambia Pesamino kwamba shangazi yetu wa kisiwa cha Savai'i anaumwa, anamtaja yeye tu. Amepanda feri ya jioni. Maskini, alibeba na kuku.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwaga zege. Nondo nimeweka chache, mchanga nimechota ufukweni, upo bure. Mbao za boksi la kumwagia zege sikuzipaka oili; ni kupoteza muda. Boksi limevimba kidogo upande mmoja. Sieni anasema lina mimba. Wivu.

Jumamosi, 9 Agosti
Mbao zimegoma kubanduka. Nimepiga nyundo. Zimebanduka, na tao la katikati nalo. Mawili yaliyobaki yameegemeana kama walevi. Nilikaa chini mbele yake. Nilimkumbuka Baba, sikuweza kula.

Pesamino akatokea. Shangazi mzima wa afya, amefurahi kutembelewa, amenitumia magimbi. Nilingoja matusi. Akazunguka sanamu mara mbili, akapapasa ukingo.

“Hili la kushoto umelipinda kama alivyolipinda mzee,” akasema. “Mimi nisingeliweza. Haya, inuka, lete oili.”

Jumatano, 13 Agosti
Tumemwaga upya, kwa mchanga wa mtoni. Pesamino alisawazisha kwa mwiko hadi jua likazama. Mimi nilielekeza.

Jumapili, 24 Agosti
Sanamu imesimama. Wazee wameigusa, wengine wamelia. Pesamino akasimama mbele ya watu wote akasema hii ni kazi ya mtoto wa fundi. Nami machozi yalinitoka. Mtu mwema sana yule.

Sieni kagundua kwamba chini nimechora jina langu peke yangu, kwa msumari, siku ile zege likiwa bichi. Amenuna. Nimemwambia asiwe na haraka: la Pesamino nitaliongeza zege likilainika.