Kichanjwe Kifaa, Mimi Niachwe

Ndugu Msimamizi wa Kliniki,

Pokea salamu zangu za heshima, na za hasira kidogo. Mimi ni yule fundi redio wa kibanda kilichoegemea duka la rangi. Nilikuwa kiziwi kwa miaka mingi, hadi mwaka jana nilipopasuliwa nyuma ya sikio nikawekewa kipandikizi cha kusikia. Nashukuru, nasikia. Tatizo ni kwamba sasa nasikia hata nisiyoyataka.

Namlalamikia nesi wako wa chanjo. Kila Alhamisi jioni, nikiwa katikati ya kulehemu, hunipigia simu kunikumbusha nije nichomwe sindano. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anadai sisi wenye vipandikizi tuko kwenye hatari zaidi ya kupata homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa kuna waya umeingia hadi sikio la ndani, na vidudu vya nimonia vikishafika sikioni vinaweza kuufuata mpaka kwenye utando wa ubongo. Sawa, nimeelewa. Sasa mwenye kosa hapo ni nani? Ni waya. Mimi kichwa hiki nimekaa nacho tangu utoto na hatujawahi kukosana. Kwa hiyo kichanjwe kifaa, mimi niachwe.

2. Nimetengeneza redio tangu sijaota ndevu. Nimepokea redio zenye mende, redio iliyotumbukia kwenye ndoo, na moja iliyokaliwa na mama mkwe wa mteja. Sijapata kuona hata moja iliyoshikwa na homa. Nilipomweleza nesi hoja hii ya kitaalamu, alicheka hadi nikalazimika kupunguza sauti ya kifaa. Kucheka kazini ni utovu wa nidhamu.

3. Ili kumaliza ubishi, nilimtuma jirani yangu muuza rangi alete kliniki kile kipande cha kifaa kinachonata nje ya kichwa kwa sumaku, kichomwe kwa niaba yangu. Nilikifunga kwenye kitambaa safi. Nesi alikirudisha bila hata kukipaka spiriti, na ujumbe kwamba waya wenyewe uko ndani ya kichwa, hivyo mwenye kichwa aje mwenyewe. Siku hiyo nilishinda sisikii lolote. Mteja mmoja alinitukana, nami nikamshukuru na kumkaribisha tena. Aibu hiyo ataibeba nani?

4. Hajui kutenganisha kazi na maongezi. Akimaliza habari za sindano, anauliza kama nimekula, kama goti limetulia, kama sikio linauma au linatoa maji. Ananionya kwamba nikipata homa na shingo ikakakamaa nisingoje kuche, nije mbio. Halafu anauliza nina redio gani mezani! Wanangu hawana tabia hiyo. Wao ni wastaarabu. Nilipokuwa kiziwi walizoea kuniandikia ujumbe kwenye simu, na hadi leo wananiandikia. Shikamoo, ujumbe. Mjukuu kazaliwa, ujumbe. Niliwaandikia kwamba baba yenu sasa anasikia, wakanijibu, kwa ujumbe, kwamba wamefurahi mno. Iliniuma sana, lakini hilo halihusu kliniki.

5. Alhamisi iliyopita hakupiga kabisa. Nilikaa na simu kiganjani mpaka giza likaingia, nikabadilisha betri za kifaa nikidhani zimeisha. Kumbe alikuwa likizo. Je, ni haki mtumishi wa umma kwenda likizo bila kuwaaga anaowasumbua?

Kwa hayo yote, naomba nesi aonywe vikali, namba yangu ifutwe leo hii, na kifaa changu kipewe cheti chake cha chanjo.

Nisalimie daktari, mlinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi ambaye bado ananipigia kelele usoni ingawa nimeshamwambia nasikia.

Ni mimi, mwenye sikio jipya na ubishi ule ule,
Fundi Redio

Tanbihi: Namba usiifute. Ukweli ni kwamba chanjo zote nilishapata, kabla ya upasuaji na baada yake, katika hospitali iliyonipasua. Sichezi na kitu hicho. Jirani yangu wa kitanda wodini aliletwa na homa hiyo hiyo, na nguo zake zilirudi nyumbani bila yeye. Nesi hajui kama nimechanjwa, nami nimekuwa nikimbishia makusudi, maana hakuna mtu mwingine anayenipigia. Lakini wapo wenye vipandikizi ambao hawajachomwa bado, na muda anaonipa mimi ni wao wanaouhitaji. Basi mwambie. Ila kama kuna chanjo nyingine yoyote anayoruhusiwa mzee wa umri wangu, niko tayari kuchomwa, hata mbili kwa mpigo. Naomba tu anikumbushe yeye mwenyewe, kwa sauti. Asiniandikie.