Lifti ya Kupandia Mtoma wa Tata

Jumatatu, 19 Agosti 1968

Kagaruki amekuja asubuhi na koti lake la mikutano. Ni balozi wetu wa nyumba kumi, na jirani yangu tangu tukichunga mbuzi pamoja. Amesimama uani, ameutazama mtoma wetu, mti wa nguo za gome, ametikisa kichwa. Tawi moja kubwa limeoza na limeinamia msonge wa mama. Amesema likiwa bado lipo Jumamosi jioni, kijiji kitaangusha mti wote, kuni zikachome tofali za madarasa mapya. Kujenga taifa! Amesema kwa upole. Upole wa Kagaruki naujua.

Mama amengoja Kagaruki aondoke. Kisha amenikumbusha kwamba tata, baba yangu, aliupanda mti huo mwaka alipomwoa. Nguo ya gome niliyobebwa nayo mgongoni ilitoka humo. Naye anataka azikwe na nguo ya mti huo huo, si blanketi la dukani. Basi, amerudi kumenya ndizi.

Jioni nimelisogelea shina. Nilisikia kabisa nyundo ya tata, ko, ko, ko, akilipiga gome kabla umande haujakauka. Machozi yamenitoka. Moshi wa jikoni.

Tawi litakatwa. Kwa usalama na kwa njia ya kisasa. Sikuishi Kampala miaka yote ile bure.

Jumanne, 20 Agosti

Mke wangu Benigna ameshauri nimwite Buberwa. Eti apande kwa kamba, kama tata alivyopanda, amalize kabla chai haijapoa. Nimekataa. Buberwa hupanda miguu mitupu, tumbaku mdomoni. Usalama uko wapi hapo? Tena sifa zote zitakuwa zake.

Nimeanza na ngazi ya kigango. Katekista Datius amenipa kwa masharti mengi. Nimeikagua kama daktari: miguu imara, vipandio vizima. Nimeiegemeza, nimepanda. Nilipofika usawa wa mlango, dunia ilianza kuzunguka. Ngazi mbovu kabisa! Nimeirudisha na kumwonya Datius asiitumie. Amenitazama sana.

Mama amecheka mpaka akashika ukuta. Amesema tata alikuwa akiimba huko juu, na mimi mtoto nikimlilia chini ashuke. Sikumbuki. Labda nakumbuka kidogo.

Jumatano, 21 Agosti

Lori! Lori la ushirika lilikuwa linapita kuchukua kahawa. Dereva amekubali kulisimamisha chini ya tawi, mimi nisimame juu ya magunia. Nimekagua breki. Nimekagua magurudumu. Sikukagua njia.

Limeingia kibanjani, limelaza migomba ya mama iliyokuwa na mikungu, limenasa. Tumesukuma hadi adhuhuri. Kagaruki amekuja kusaidia, kwa upole ule ule. Afadhali angenicheka!

Mama hajaitikia salamu yangu ya jioni.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimeamka na wazo. Lifti!

Kwenye hoteli nilikoosha sahani Kampala ilikuwepo moja. Unaingia kachumba, kamba inavutwa, uko juu, jasho huna. Wala kizunguzungu sikusikia, kwa sababu kuta zilinizuia kuona chini. Ujana wangu wote uko ndani ya lifti ile. Nilikuwa nanukia sabuni na nilidhani sitazeeka.

Kinachotakiwa: kamba, kapi na kachumba kenye kuta. Kamba na kapi nimeazima kwenye ghala la kahawa. Kachumba je? Kapu, laini. Pipa, limetoboka. Ndipo nikauona nyuma ya nyumba: obwato! Mtumbwi wetu wa kukamulia pombe, tata aliuchonga mwenyewe kutoka gogo moja. Una kuta kweli kweli. Nimelala ndani kujaribu, nikaona mbingu tu. Na harufu! Rubisi, pombe ya ndizi ya utoto wangu. Wanaume wakikanyaga ndizi mbivu na nyasi, wakiimba, sisi watoto tukingojea juisi tamu na vibuyu vyetu. Nimelala humo muda mrefu kuliko jaribio lilivyohitaji.

Benigna amesema obwato una kazi Jumamosi. Jumapili baba yake, Mzee Rwegasira, anakuja kutoka Kagoma, na ndizi za pombe zimeshaiva shimoni. Nimemwahidi kwamba saa sita atakuwa nao.

Ijumaa, 23 Agosti

Tatizo dogo. Nani atalifunga kapi juu ya mti?

Nimemwita Buberwa. Amepanda na tumbaku yake, amelifunga kwenye tawi zima la juu. Akiwa huko huko ameuliza kama alikate na lile bovu, maana panga analo kiunoni. Nimemwamuru ashuke mara moja. Watu wengine hawajui kuheshimu mpango wa mtu.

Tumejaribu kwa gunia la kahawa. Limepanda taratibu, kama bibi harusi. Kagaruki amesimama njiani akitazama, nami nimemwalika kesho aje kuvuta kamba. Amekubali. Anataka kuona nikishindwa!

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi nimelala ndani ya obwato na msumeno kifuani. Kagaruki, Datius na Buberwa wamevuta. Nimepanda! Mbingu tu, na majani ya mtoma. Nimejikuta naimba wimbo wa tata. Mama ameupokea kutoka chini, na kwa dakika hiyo sikuwa na umri. Nimelifikia tawi, nimekata hadi nusu.

Ndipo Benigna akapiga vigelegele. Mgeni! Mzee Rwegasira, siku moja kabla, kanzu nyeupe na fimbo.

Sasa, kwetu mzee hasalimiwi kwa mkono mmoja, wala ukiwa umeshika kitu. Na mkwe ndiyo usiseme, huwezi kukaa juu ya kichwa chake. Nimeinuka kuwaambia wanishushe polepole. Nimechelewa. Wote watatu walikuwa wameshainama, mikono miwili mbele. Wa kwanza Kagaruki. Ana adabu, hilo siwezi kumnyima.

Nimelidaka tawi. Tawi limekuja na mimi. Nimempita baba mkwe nikielekea chini, nikawahi kumsalimu kwa heshima, "Waitu!" Obwato umetangulia kufika. Mimi nimefikia kwenye rundo la majani ya migomba ambayo Benigna aliyakata kwa ajili ya pombe. Tawi limelala uani. Halikugusa hata unyasi mmoja wa msonge.

Mama amenipita. Ameenda kwenye mtoma, ameweka kiganja kwenye shina, amekaa hivyo. Kisha amerudi kuuliza kama niko hai. Halafu ameuona obwato. Umepasuka mwanzo hadi mwisho. Ameingiza vidole kwenye ufa, amesema tata angecheka sana. Amelia. Nami nimelia, na jikoni moto ulikuwa haujawashwa.

Mzee Rwegasira ameuliza kama hivi ndivyo wakwe wanavyopokelewa siku hizi za ujamaa. Kagaruki ametangaza mbele ya wote kwamba mti umesalimika, na tawi amelipeleka kwenye tanuri. Kisha, bila kuombwa, ameleta obwato wake tukanyagie pombe. Hilo limeniuma kuliko mkono.

Jumapili, 25 Agosti

Rubisi imeiva vizuri. Mzee Rwegasira amekunywa, amenisamehe, ameimba. Kagaruki amesimulia anguko langu kwa kila aliyeingia, na kila akirudia nimeanguka kutoka juu zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu tuchunge mbuzi tumecheka kitu kimoja.

Mama amepatana na Buberwa: mvua zikianza atachuna gome la mtoma, apige nguo yake. Amesema ataiweka sandukuni na hana haraka ya kuivaa. Amenimiminia kibuyu kwa mkono wake.

Benigna ameniuliza kama nimejifunza. Nimejifunza! Lifti haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mgeni. Safari ijayo nitamweka Datius njiani, awazuie wazee mpaka nitakapokuwa chini.

Maana kilele cha msonge wa mama kinavuja, kinahitaji nyasi mpya kabla ya mvua. Buberwa amejitolea kupanda. Nimemshukuru, nimemwambia asijisumbue.

Obwato wa Kagaruki uko ukutani, umeshaoshwa. Benigna anadhani naurudisha kesho asubuhi. Ni mpana kuliko wetu, na kuta zake ni ndefu zaidi. Nimeupima kwa mkono mzima.

Kapi bado liko juu ya mti.