Mto wa Kipusa

Jumatatu, 3 Machi
Miezi miwili Kipusa hajalala kwangu. Mjukuu wangu, miaka sita, ana pumu. Mama yake, binti yangu wa kumzaa mwenyewe, kasema nyumba yangu inambana mtoto kifua. Sasa analala kwa bibi yake wa upande wa baba. Mimi namwita Bibi Vigae. Sakafu yake unajiona mpaka meno. Mto wa Kipusa uko kitandani kwangu. Sijaufua. Bado unanukia utosi wake.

Jumanne, 4 Machi
Niko kazini, nadeki korido ya kliniki, masikio nimeyaegesha mlangoni kwa daktari. Anamweleza mama mmoja: pumu na aleji zimezidi dunia nzima. Huenda sababu mojawapo ni usafi kupita kiasi. Watoto waliokulia kwenye vumbi na mifugo tangu wachanga huugua mara chache. Akasema, lakini... Nani angoje lakini? Ndoo nikaiacha pale pale. Kumbe mchawi ni vigae!

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima mbuzi kwa muuza maziwa. Analala chumbani. Kufagia nimeacha. Mashoga zangu wameuliza, nimewaambia ni tiba. Mto nimeuweka juu ya kabati asije akautafuna. Mbuzi kapiga chafya mara kumi na moja. Hajazoea. Nimempigia binti: mlete Jumamosi, nyumba imepona. Kakubali.

Jumamosi, 8 Machi
Hawakuvuka kizingiti. Binti kauliza, mama, mbuzi kitandani ndiyo nini? Nikamweleza ya daktari. Kumbe naye kamuuliza daktari huyo huyo. Vumbi hilo labda humkinga ambaye hajaanza kuugua. Mwenye pumu tayari linamkaba. Hata mto usiofuliwa unamkaba. Kasema nifue kila kitu, mwezi ujao tutaona. Kipusa kanipungia mkono kutoka nje, dirishani. Kauliza, bibi, mto wangu upo? Nikamwambia upo, mume wangu mpya, mbuzi, anaulinda. Akacheka mpaka akakohoa. Wakaondoka.

Jumapili, 9 Machi
Mbuzi kwao. Nimefua mashuka, mapazia, hata kitambaa cha redio. Godoro juani. Bibi Vigae akija atateleza. Mwisho nikauchukua mto, beseni tayari, povu tele. Nikaunusa kidogo, kwa kuagana. Nikaunusa tena. Nimeufunga kwenye mfuko, nimeuficha kabatini. Nyumba nzima inanuka sabuni, kama vile hajawahi kulala mtoto humu. Mwezi ujao namtolea aulalie. Mto mmoja tu, utamfanya nini?