Sista wa Japani Atua Lituhi

Dastan aliukuta wimbo ndani ya pikapu. Baada ya ruksa ya kuagiza bidhaa nje, magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kumiminika Mbinga, na hili la mnunuzi mmoja wa kahawa lilikuja na kaseti iliyosahauliwa redioni. Wimbo mmoja tu, wa binti wa huko mwenye sauti nyembamba, na maneno ambayo hakuna mtu hadi Ziwa Nyasa angeweza kuyabishia. Mwingine angeitupa. Dastan, ambaye kazi za jasho zilimtia kizunguzungu tangu utotoni, aliona ajira.

Akaweka rehani kwa Egidi mwenye duka baiskeli aliyoachiwa na marehemu baba yake, akachukua boksi la kaseti tupu.

"Naikomboa kabla ya siku ya mnada wa mwezi," alisema.

"Usipokuja, nauza."

"Egidi, usinitie mkosi asubuhi yote hii!"

Alinakili kutwa kwa redio yake ya deki mbili, kisha akateremka Lituhi.

"Wimbo mpya! Umetoka Japani juzi, hata Dar hawajaupata!" alitangaza ufukweni kwa upole wa katekista. Kwa Wakatoliki, mwimbaji alikuwa sista. Kwa Waanglikana, mtu huyu asiye na haya alimfanya mke wa kasisi.

Mama Notburga, mwalimu wa kwaya na muuza dagaa, alisogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Anasemaje huyo sista?"

"Anamsifu Mungu, mama, na anawasalimu watu wa ziwani."

"Kumbe anatujua?"

"Kwa sifa, mama. Kwa sifa tu."

"Hebu mpige tena."

Akampiga tena, na tena. Mwishowe mama akasema kwaya itachukua kaseti zote kwa bei ya jumla, ila awaachie redio siku mbili waizoee sauti. Dastan akaenda kula samaki mbasa mpaka mkanda ukambana, akisikia kanisani watu wazima wakibana pua kumfuata binti wa Japani. Maskini, aliwaonea huruma kweli.

Alirudi Mbinga na redio yake na mfuko umetuna. Hapo angekomboa baiskeli, yakaisha. Lakini tamaa! Hela yote akaizamisha kwenye kaseti tupu nyingine, akanakili mpaka siku ya mnada.

Akafungulia redio pale mnadani. Watu wakacheka.

"Hii siyo yenyewe," kijana mmoja akamwambia. "Huyu anaiga. Yenyewe ni ya Lituhi, ina ngoma na sauti nne. Huyu dada hata besi hana!"

Upande wa pili wa mnada watu walimzonga Mama Notburga. Dastan akapenya mpaka mbele.

"Mama! Hizo si kaseti zangu?"

"Si tulizinunua, mwanangu? Na redio yako ina kile kitufe chekundu cha kurekodi. Kizuri sana."

"Na wimbo je?"

"Si ulisema sista anatusalimu? Basi, tumemjibu."

Dastan akageuka. Macho yake yakaiangukia baiskeli iliyofungwa boksi nyuma. Aliijua hata kwa kengele yake.

"Egidi katuuzia leo asubuhi," mama alisema, akimtazama vizuri. "Ila hatuna wa kuiendesha. Kaseti zinatakiwa Ngaka, kwa wakulima. Unaweza?"

Dastan akapanda baiskeli ya baba yake, sasa mali ya kwaya, akapiga kengele.

"Wimbo mpya!" akaanza, kwa sauti ya kinyonge. "Umetoka Lituhi!"